Mtu wa tatu ni nani, na tuligongana wawili?

Ndugu, unauliza huyu "mtu wa tatu" wa kwenye bima ya gari katoka wapi, ilhali pale Jogoo Road mlikuwa wewe na Probox yako na yule wa bodaboda tu. Usihesabu waliokuwa barabarani, hesabu waliotia sahihi. Mkataba wa bima una pande mbili: wewe na kampuni. Yeyote nje ya karatasi hiyo anayeguswa na mambo yake ni mtu wa tatu, kwa hiyo ni huyo wa boda.

Kwa kawaida mgeni wa mkataba hawezi kudai chochote ndani yake. Bima ya gari ni tofauti: Sura ya 405 ya sheria za Kenya inamlinda aliyeumia, na akishinda kesi dhidi yako kampuni humlipa, mwisho shilingi milioni 3 kwa mtu.

Taa yako iliyovunjika na boneti iliyokunjika? Hizo ni za mfuko wako, maana ulinunua ile bima ya bei nafuu, ya kumlinda mtu wa tatu peke yake (wengi wetu hufanya hivyo). Chukua abstrakti (hati ya kuthibitisha ajali) kwa polisi, ripoti kwa kampuni leo, na usimwandikie huyo kijana popote kwamba utamlipa.