Plagini ndani ya Pure Data: kwa nini besi inapotea ukichanganya na sauti kavu

Mkuu, umesema kompresa (plagini ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo) uliyoipakia kwenye vstplugin~, kisanduku cha kuendeshea plagini ndani ya Pure Data, programu ya kutengeneza sauti kwa kuunganisha visanduku kwa waya, inapiga vizuri ikiwa peke yake, ila ukiichanganya na sauti kavu (ile isiyopita kwenye plagini) besi inapotea na gitaa linasikika kama linapigwa ndani ya bomba. Hiyo kompresa ni nzima. Tatizo ni kwamba inachelewa.

Kompresa zinazochungulia mbele hushikilia sauti kwanza ndipo ziitoe. Programu za kurekodia huchukua taarifa ya ucheleweshaji huo kutoka kwa plagini yenyewe, kisha huzisubirisha traki nyingine bila wewe kujua. Kwenye pachi (mchoro wako wa visanduku na waya) hakuna wa kukufanyia hivyo. Waya mmoja ukipita kwenye plagini na mwingine ukienda moja kwa moja hadi dac~ (kisanduku cha kutolea sauti), sauti ileile inafika mara mbili. Plagini ikichelewa kwa sampuli 512 (vipimo vya sauti) kwenye kiwango cha 48,000 kwa sekunde, ni kama milisekunde 10.7. Zikikutana kwa nguvu sawa, zinafutana karibu na hezi 47, tena 141, tena 234, hivyohivyo hadi juu. Besi yako imeishia hapo.

Mimi plagini yoyote naipima kwanza. Tengeneza array (jedwali la namba) yenye 1 moja mwanzoni na sufuri tupu nyuma yake, icheze kwa tabplay~, uipitishe njia zote mbili. Bang (ishara ya kuanzisha) inayoicheza array hiyo iwashe pia tabwrite~ mbili za kurekodi, kila njia na array yake. Fungua array zote uangalie vilele vimepishana sampuli ngapi. Gawa kwa kiwango cha sampuli, zidisha kwa 1000, na milisekunde utakazopata ziweke kwenye delread~ (kisanduku cha kuchelewesha sauti) ya upande mkavu. Aliye kwenye Max (programu inayofanana na Pure Data) na vst~ yake ana kazi nyepesi zaidi, maana delay~ inapokea idadi ya sampuli moja kwa moja. Ukigusa swichi ya kuchungulia mbele, pima upya, usikisie. Na kama plagini ina nobu yake ya miksi, anza na hiyo kabla ya kujenga chochote.

Noti za sinthi kuganda, yaani kuendelea kulia hata baada ya kuachia kibonyezo, ni jambo jingine kabisa. Angalia kama kuna stripnote njiani. Yenyewe huondoa noti zenye velositi (nguvu ya kubonyeza) 0, na hiyo 0 ndiyo inayoiambia sinthi iachie. Wengi huiweka kwa mazoea kwa sababu inafaa ukitaka kuwasha kitu kwa kibonyezo tu, lakini mbele ya plagini ya ala itoe. Noti ukizitengeneza mwenyewe, tumia makenote, nayo itatuma ile 0 muda ukiisha. Weka pia kitufe cha dharura kinachotuma kontrola ya MIDI namba 123 (ya kuzima noti zote), ingawa zipo plagini zisizoitii.

Nobu za MIDI nazo zinatoa 0 hadi 127 wakati vigezo vya plagini vinataka 0 hadi 1, kwa hiyo gawa kwa 127 kabla ya kutuma.