Surbiton na Kingston: reli ilipita wapi, na kwa nini?

Swali: Ninaishi Surbiton, kusini-magharibi mwa London. Hapa husikika kwamba mji wetu ulizaliwa kwa sababu wazee wa Kingston, mji jirani, waliikataa reli. Ni kweli? Na mbona kodi ya halmashauri tunalipa Kingston?

Jibu: Ukweli upo, ndugu msomaji, ila si wote. Kingston ni mji mkongwe. Ulikaa kwenye barabara ya kwenda Portsmouth, na magari ya farasi yaliyosimama hapo yalilisha nyumba za wageni na mazizi mengi. Wenye biashara hizo walikuwa na sababu ya kuiogopa reli, na upinzani ulikuwepo. Lakini kampuni ya reli iliyopewa kibali na Bunge mwaka 1834 ilikuwa inaelekea Southampton, na injini za wakati ule zilihitaji njia iliyonyooka isiyo na mwinuko mkali. Njia ikachimbwa ndani ya kilima cha Surbiton, kusini mwa Kingston, na treni za kwanza zikapita tarehe 21 Mei 1838, kutoka Nine Elms hadi Woking. Kituo kilichojengwa hapo Surbiton, mashambani, kikaitwa Kingston!

Reli peke yake haijengi mji. Mfanyabiashara wa Kingston, Thomas Pooley, alinunua shamba karibu na kituo akaanza kupima mitaa na kujenga nyumba za watu wenye uwezo. Fedha zilimshinda, mradi ukaangukia mikononi mwa benki ya Coutts. Kingston yenyewe ilipata kituo chake mwaka 1863, miaka 25 baadaye, na kwenye reli ya tawi tu, si njia kuu.

Kuna jambo ambalo wakazi wengi hawalitaji, nami naona ndilo kubwa kuliko yote: maji. Mwaka 1852 kampuni ya maji ya Lambeth, iliyosambaza maji London, ilihamishia mitambo yake Seething Wells, hapo hapo Surbiton, upande wa juu wa mto Thames, kabla haujafika sehemu inayojaa na kupwa. Katikati ya London, maji yalipojaa yalirudisha uchafu wa vyoo upande wa juu wa mto. Surbiton uchafu huo haukufika. Kipindupindu kilipolipuka mwaka 1854, daktari John Snow alilinganisha nyumba zilizopata maji ya Lambeth na zile za kampuni ya Southwark na Vauxhall, iliyokuwa bado inachota mjini. Mara nyingi nyumba hizo zilikuwa mtaa mmoja. Katika wiki saba za kwanza, walikufa watu 37 kwa kila nyumba 10,000 za Lambeth, na 315 kwa zile nyingine. Ushahidi huo ulimwezesha Snow kuonyesha kwamba ugonjwa unasafiri ndani ya maji, wakati madaktari wengi walilaumu hewa chafu. Ukipita barabara ya Portsmouth kando ya mto, mabwawa ya kuchujia bado yapo.

Kuhusu kodi: mwaka 1855 Surbiton ilipata sheria yake ya Bunge, ikajisimamia taa, barabara na mifereji bila Kingston. Mwaka 1936 ikawa manispaa kamili, na mwaka uliofuata kituo kikajengwa upya kwa zege jeupe, kazi ya msanifu majengo James Robb Scott. Mageuzi ya serikali za mitaa ya London mwaka 1965 yakaiunganisha na Kingston, na ndiyo maana hati yako ya kodi inatoka huko.