Ripoti ya mtandao wa mashine pepe: seli tupu si jibu

Mdogo wangu, ukija kufanya mafunzo kwa vitendo hapa Arusha, usitegemee kuanza na kazi ya kuvuta nyaya. Kuna uwezekano mkubwa utaambiwa hivi: "Tuletee orodha ya mashine pepe zote na mipangilio yake ya mtandao." Mashine pepe ni kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya seva, pamoja na wenzake. Unaweza kufungua vCenter, programu ya kusimamia mashine hizo, ukaziandika moja moja kwa mkono. Usifanye hivyo. Utachoka katikati, utaruka mbili tatu, na mwezi ujao bosi ataitaka tena. Andika skripti.

Kwa tunaotumia VMware, kifaa ni PowerCLI, yaani amri za VMware ndani ya PowerShell. Unaingia kwa Connect-VIServer, unaita Get-VM, unapitisha matokeo kwa Get-NetworkAdapter, unamalizia na Export-Csv. Wanaotumia Hyper-V ya Microsoft wana Get-VMNetworkAdapter, na njia hazipishani sana. Omba akaunti ya kusoma tu, maana ripoti haihitaji ruhusa ya kubadilisha chochote, na siku kitu kikiharibika hakuna atakayekutazama wewe.

Hapo bado ni mteremko. Kazi yenyewe ni kujua kila kolamu imetoka wapi. Jina la mtandao, anwani ya MAC (kitambulisho cha kadi ya mtandao) na aina ya kadi, iwe Vmxnet3 au E1000, ni mipangilio ya mashine yenyewe. vCenter inaijua hata mashine ikiwa imezimwa. Anwani ya IP ni habari nyingine kabisa. Hiyo inasemwa na mfumo endeshi ulio ndani, kupitia VMware Tools, programu inayowekwa ndani ya mashine. Kama Tools hazijawekwa, au zimesimama, seli inabaki tupu ingawa mashine ina anwani yake na inahudumia watu. Wewe unaona tupu, unaandika "haina IP". Mwenzako anasoma ripoti, anaichukua anwani ileile anaipa printa. Kufika mchana wahasibu wanalalamika mfumo unakatikakatika, kumbe vitu viwili vinagombea anwani moja.

Kwa hiyo pembeni ya IP weka kolamu ya hali ya Tools. Utaipata kwenye ExtensionData.Guest.ToolsRunningStatus, nayo itakuambia guestToolsRunning au guestToolsNotRunning. Msomaji aone mwenyewe kama mashine haina la kusema au mjumbe ndiye hayupo. Na ukikuta anwani inayoanza na 169.254, usiihesabu kama IP nzuri: mashine iliomba anwani kwa DHCP, huduma inayogawa anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe.

Kuna mitego miwili ya Export-Csv ambayo haitoi kosa lolote jekundu. Kadi moja inaweza kuwa na anwani kadhaa, IPv4 na IPv6 pamoja; ukiitupa orodha hiyo ilivyo, kwenye Excel utasoma System.String[] mashine baada ya mashine. Ziunganishe kwanza kwa -join. Wa pili ni mbaya zaidi, kwa sababu ripoti inatoka nzuri machoni. Kolamu zinachukuliwa kutoka kwenye kitu cha kwanza tu. Ukitengeneza Kadi1, Kadi2 kadiri zinavyopatikana, halafu mashine ya kwanza ikawa na kadi moja, Kadi2 za mashine zote zilizobaki zinapotea kimya kimya. Ndiyo maana mimi nang'ang'ania mstari mmoja kwa kila kadi, siyo kwa kila mashine. Jina la mashine likijirudia, na lijirudie.

Kolamu ninayoithamini kuliko zote ni StartConnected, inayosema kama kadi itaunganishwa mashine ikiwaka, na wengi huiacha. Leo mashine inafanya kazi, ConnectionState inasema imeunganishwa, kila mtu ameridhika. Lakini StartConnected ni False. Usiku umeme unakatika, jenereta inachelewa, UPS inaisha chaji, seva zinazima. Umeme ukirudi mashine inawaka vizuri kabisa, ila kadi yake ya mtandao haijaunganishwa. Watu watakagua swichi, watabadilisha nyaya, watamwamsha fundi aliyeko Njiro apande bodaboda aje mjini, yote hayo kwa ajili ya tiki moja ambayo ripoti ingeionyesha wiki nzima kabla. Kwa umeme wetu, ukisahau kolamu hiyo nitakurudishia ripoti.

MAC pia zipitishe kwenye Group-Object utafute zinazojirudia. Hutokea mtu akinakili mafaili ya mashine kwa mkono kisha VMware ikimuuliza, akajibu kwamba ameihamisha badala ya kusema ameinakili.

Mashine zikiwa mamia, Get-NetworkAdapter ndani ya kitanzi itakuchosha. Hamia Get-View, na kwenye -Property taja unachohitaji tu. Jina la faili libebe tarehe, na faili la zamani usilifute: bosi akiuliza nini kimebadilika, chukua la mwezi uliopita na la leo, uyapitishe kwenye Compare-Object.