Mahindi ya bibi yako na ngano ya Ohio

Mwanangu,

Sisi hatujambo, goti la mama yako limepata nafuu. Umeniuliza, katika kujiandaa na mtihani wa uraia, kwa nini leseni yako ya udereva imetolewa na jimbo la Ohio wakati pasipoti utakayopewa itatoka serikali ya shirikisho. Jibu la mtihani ni fupi: shule, polisi na leseni ni mambo ya majimbo, kuchapa fedha, kutangaza vita na kufunga mikataba na nchi za nje ni ya Washington. Sema hivyo, utapita.

Mimi nimekesha na swali jingine. Huo mpaka unamlinda nani?

Wale waliokutana Philadelphia mwaka 1787 hawakuiambia serikali kuu ifanye lolote itakaloona jema. Waliiandikia orodha. Ibara ya kwanza, sehemu ya nane, inataja moja moja: kukopa, posta, jeshi, biashara baina ya majimbo. Mwaka 1791 yakaja Marekebisho ya Kumi: mamlaka ambayo Katiba haikuikabidhi serikali kuu, wala haikuyakataza majimbo, yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Unaujua msemo wangu tangu ukiwa mdogo: aliyeazima jembe hakuazima shamba. Orodha yetu ya mambo ya Muungano ilianza na mambo 11 mwaka 1964, leo yako 22. Kule Marekani hata kuongeza mstari hakukuhitajika. Ilitosha kulivuta neno moja, biashara.

Karibu na Dayton, hapo hapo Ohio, alikuwepo mkulima, Roscoe Filburn. Serikali ilitaka kupandisha bei ya ngano, ikampimia ekari 11.1. Akapanda 23. Akatozwa faini ya dola 117 na senti 11. Akajitetea kwamba ile ya ziada ni ya mifugo yake na unga wa nyumbani, haiendi sokoni. Mwaka 1942 Mahakama ya Juu, majaji wote kwa kauli moja, ikamkatalia: asingelima angenunua, na wakulima wengi wakifanya kama yeye, bei ya nchi nzima inatikisika.

Wengi wakifanya kama yeye. Hapo nilifunga kitabu, mwanangu, maana maneno hayo niliwahi kuyasikia.

Mwaka 1983, ule wa msako wa wahujumu uchumi, tulipanda basi Iringa mimi na bibi yako, na magunia mawili ya mahindi ya shamba lake, tunampelekea shangazi yako Dodoma ambako mvua ziligoma. Kabla ya Mtera tukakuta kizuizi. Kijana mmoja akachoma gunia kwa bambo, punje zikamiminika kwenye vumbi la barabara. Kibali kiko wapi? Bibi yako akamwambia, "Baba, nimelima mwenyewe, nampelekea mwanangu." Yule kijana hakumtukana, hakuomba chochote. Alisema tu, "Mama, kila mtu akifanya hivi, taifa litakula nini?" Akashusha yote mawili. Bibi yako akapiga magoti, akaziokota zile punje moja moja kwenye pindo la kanga, dereva anapiga honi. Na mimi, mwalimu wa somo la Siasa, niliyekuwa nawafundisha watoto wa watu maana ya dola, nilisimama pale nimeshika tiketi. Sikufungua mdomo. Mpaka leo nikiona punje barabarani roho inaniuma.

Kwa hiyo unadhani nitasema majaji wale walikosea. Nataka kusema hivyo. Aliyeazima jembe hakuazima shamba!

Lakini ngoja. Mwaka 1964, hoteli moja ya Atlanta yenye vyumba 216 ilikataa kulaza watu weusi, licha ya sheria mpya ya haki za kiraia. Mwenyewe alidai Kongresi, yaani bunge lao, haina mamlaka ya kumchagulia wageni. Mahakama ikamshinda kwa neno lile lile, biashara: wageni wake wengi walitoka majimbo mengine. Tena majimbo ya kusini yalikuwa yakiuimba wimbo huo huo wa haki za majimbo wakati yanawatenga watu wa rangi yetu mashuleni na kwenye mabasi. Ungelibana neno lile hadi Filburn aachiwe ngano yake, je, mlango wa ile hoteli ungefunguka? Labda ungefunguka kwa njia nyingine, maana kuna Marekebisho ya Kumi na Nne, yanayodai sheria imlinde kila mtu sawa. Labda. Nabishana na nafsi yangu tangu juzi, mama yako amechoka kunisikia.

Mwaka 1995 Mahakama hiyo hiyo ilisema hapana: kubeba bunduki karibu na shule si biashara, Kongresi imevuka. Nilifurahi, kisha nikafikiria watoto waliomo shuleni, furaha ikapungua.

Basi sihukumu, ingawa ulimi unaniwasha. Wewe ndiye utakayeapa kuilinda hiyo Katiba. Isome kwanza, ni fupi kuliko yetu, kisha uniambie ungempa Filburn haki au usingempa. Bibi yako ningemjibia mimi, ila nimechelewa.

Siku ya mtihani nipigie, hata kama huku ni usiku wa manane.

Baba yako