Paa la bodi ya vibanzi: unene wa pleti haukuokoi

SWALI: Napogoa na kukata miti Arusha. Nina Canter ya tipa na natengeneza mwenyewe bodi ya kubebea vibanzi vya miti: urefu mita 3, upana 1.8, kimo 1.5. Fundi anasema nikifunika juu kwa pleti ya milimita 3 sihitaji fremu, na magogo nitapakia huko huko juu. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, ndugu yangu, na asiikate hiyo pleti kwanza. Kwa eneo lako itakuwa na uzito wa kilo 127 hivi. Ikiegemea kuta mbili zilizoachana mita 1.8 bila kitu cha kuishika katikati, mtu wa kilo 100 akiikanyaga itabonyea, na usitegemee irudi. Hapo maji yatatuama na kutu itaanza.

Sasa chukua pleti ya milimita 1.5, geji 16: kilo 64. Weka mbavu sita za kukatiza upana, za skwea paipu ya milimita 50 kwa 50, unene milimita 3, moja kila sentimita 60: kilo 48. Jumla kilo 112, paa jepesi kuliko la fundi wako. Mtu yule yule akisimama katikati ya ubavu mmoja, chuma hakijafika hata robo ya uwezo wake.

Kinachoniudhi zaidi ni mafundi kuliona paa kama kifuniko cha sufuria. Paa ndilo linalozishika kuta zisitanuke. Vibanzi vibichi vina kilo 300 hadi 400 kwa kila mita ya ujazo. Bodi yako inaingiza mita 8, kwa hiyo ikijaa ni tani 2.4 hadi 3.2, mbali na uzito wa bodi yenyewe (linganisha na uwezo wa gari kabla hujaongeza kimo). Mzigo huo unasukuma kuta nje, na ukiinua tipa wote unaporomokea nyuma. Kuta zikiachana kidogo tu, komeo la mlango halifiki tundu lake.

Kwa hiyo kila ubavu ukae juu kabisa ya nguzo ya ukuta, usiangukie kati ya nguzo mbili. Kila kona itiwe kipande cha pembetatu cha sentimita 10 kwa 10, unene milimita 4. Nyuma hakuna ukuta wa kusaidia, basi ubavu wa hapo uwe wa 75 kwa 50, ule upande wa 75 usimame, na pembetatu zake ziwe za sentimita 15. Wengi huilaza paipu ili paa lionekane safi. Paipu ya 50 kwa 25 yenye unene wa milimita 2, ikisimama, ina ugumu wa kupinda mara tatu ya ikilazwa. Chuma kile kile, bei ile ile!

Mbavu zikae nje. Zikiwa ndani, vibanzi vinavyorushwa na mashine ya kukatakata matawi vitakwama, vitalowa na kula chuma. Ukuta mmoja wa pembeni uupite mwenzake kimo kwa milimita 30 ili maji yateremke kati ya mbavu. Chomelea milimita 25 kila baada ya 150, ukihama upande hadi upande. Ukivuta mstari mrefu kwa mkupuo pleti inajikunja. Ziba mshono kwa mastiki (gundi ya kuzuia maji) kabla ya rangi. Juu ya ukuta wa mbele acha tundu la hewa lenye wavu, la sivyo upepo wa mashine utamrudishia vumbi anayelisha matawi.

Magogo juu, hapana. Gogo bichi nene la mita 2 linaweza kupita kilo 200, na kwenye mashimo ya barabara hupiga kwa nguvu mara kadhaa ya hiyo, huku gari likiwa rahisi kupinduka.

Na ninyi wengine mnaopeleka bodi gereji kila mwezi kubandikwa viraka: ufa wa kona ya paa mara nyingi hauanzii kwenye paa. Chesisi hujipinda njiani, na bodi iliyokazwa kila pembe bila nafasi ya kucheza hulazimika kupasuka mahali. Kiraka kinene kinauhamishia ufa pembeni yake. Toboa tundu la milimita 6 mwisho wa ufa, sugua hadi chuma kizima, chomelea, kisha ingia chini ya gari ukague bolti na mahali bodi inapokalia chesisi.