Soma Moshi Kabla ya Kulifunga Pipa

Baada ya mavuno huku Kakamega, magunzi ya mahindi hurundikwa nyuma ya jikoni, na mengi huchomwa ovyo ili yasijaze uwanja. Mimi huyageuza makaa kwa pipa la lita 200 lililotobolewa chini na mafundi wa jua kali, nikiliweka juu ya mawe ili hewa ipite chini. Kila anayekuja kujifunza kwangu huuliza: inachukua saa ngapi? Siwezi kumpa jibu la saa. Magunzi mabichi na makavu hayaivi kwa muda mmoja. Ninachomfundisha ni kuutazama moshi, kwa kuwa moshi ndio unaoonyesha ni sehemu gani ya mmea inayovunjika ndani.

Gunzi, sawa na kuni au makapi ya miwa ya Muhoroni, limejengwa hasa kwa vitu vitatu: hemiselulosi, selulosi na lignini. Kila kimoja kina joto lake la kuvunjika. Lakini yapo maji kwanza. Maji yakiwa mengi, moto wako unaishia kuyachemsha, na magunzi hayapandi joto sana kupita nyuzi 100. Huo ndio moshi mweupe, mzito. Ndugu yangu, anika magunzi mpaka yavunjike kwa mlio mkavu. Unyevu ni makaa unayoyapoteza, kwa sababu sehemu ya magunzi itateketea ili kuyakausha mengine.

Maji yakiisha, hemiselulosi hutangulia kuvunjika kwa kasi, kati ya nyuzi 220 na 315 hivi. Minyororo yake ni mifupi na yenye matawi, haikujipanga imara, kwa hiyo haivumilii joto. Moshi unaanza kuwasha macho na kunuka siki, na ni haki yake: ndani yake mna asidi ya asetiki, ileile inayoipa siki ukali. Magunzi yana hemiselulosi nyingi, karibu theluthi ya uzito wake, ndiyo maana hatua hii hupamba moto haraka.

Selulosi hufuata, nyuzi 315 hadi 400. Yenyewe ina minyororo mirefu iliyoshikana, hukaa imara kwa muda, kisha huporomoka karibu yote kwa pamoja. Moshi unakuwa wa manjano, umejaa lami na gesi zinazowaka. Hapa ndipo wengi hufunga, wakidhani kazi imekwisha. Hapana! Makaa yaliyofungwa kwenye moshi wa manjano yatamaliza kazi hiyo jikoni kwa mama, machoni na kifuani mwake. Jambo hili linaniuma, kwa sababu kinachohitajika ni subira kidogo tu.

Lignini haina haraka. Huanza kuachia tangu nyuzi 160 na huendelea polepole hadi kufikia 900, na ndiyo inayobakiza makaa mengi kuliko zile mbili. Miti migumu na vifuu vya nazi, kwa kuwa vimeshikamana zaidi, hutoa makaa mazito, huku ya magunzi yakiwa mepesi. Mimi huyasaga, nikayachanganya na uji wa muhogo na kuyafinyanga kuwa briketi.

Moshi ukiwa mwembamba wa kibuluu, au ukikaribia kutoonekana, sukuma pipa litoke kwenye mawe likae chini, funika, ziba kila ufa kwa udongo. Ukichelewa, kinachoungua sasa ni makaa yenyewe. Na usiuchochee moto kwa pupa tangu mwanzo: joto la ghafla hugeuza sehemu kubwa ya mmea kuwa gesi na lami, la polepole hubakiza makaa.

Nimeulizwa pia kuhusu makapi ya mpunga ya Ahero na gugumaji la Ziwa Victoria. Makapi ya mpunga yana silika nyingi, madini kama ya mchanga yasiyoungua, hivyo majivu hujaa jikoni. Yachanganye na magunzi. Gugumaji bichi ni maji takriban asilimia 90, kwa hiyo kazi yake kubwa ni kulianika.

Pipa lisifunguliwe mpaka lipoe kabisa, maana makaa yenye joto yakipata hewa huwaka tena. Na jiko la makaa, hata makaa yaliyoiva vizuri yasiyo na moshi, lisiingie chumba cha kulala. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini.