Usiwahi kupiga makofi, usichelewe kufika

Kama umekulia kwenye taarabu kama mimi, fidla si mgeni kwako. Ugeni uko kwenye adabu ya ukumbini. Unguja wimbo ukinikolea naondoka kitini, namtuza mwimbaji, narudi zangu huku nacheza. Mara ya kwanza kwenda kusikiliza okestra Ujerumani nilikwenda na mazoea hayohayo, na lile jingine la kufika dakika kumi baadaye.

Walifungua na konseto ya fidla (utungo wa fidla moja ikisindikizwa na okestra) ya mtunzi Mendelssohn, iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 1845. Ukikuta mlango umefungwa, unangoja muziki ufike pa kukatika. Huu haukatiki! Una sehemu tatu, lakini ya kwanza ikiisha basuni, zumari refu la sauti nzito, hubaki imeshikilia sauti moja, na hapo hapo ya pili inaanza. Wala fidla haikungojei; huingia sekunde chache tu tangu mwanzo. Karibu nusu saa nilisimama nje na koti mkononi, nasikilizia mlangoni. Siku hizi siondoki nyumbani bila kujua kinatangulia nini.

Baada ya mapumziko ikaja Simfoni ya Sita, utungo mrefu wa okestra wa mtunzi Tchaikovsky. Sehemu ya tatu ina mwendo wa gwaride, inapanda na kupanda kwa matarumbeta na ngoma, halafu inakata kwa kishindo. Nikapiga makofi. Tulikuwa wawili, mimi na mzee mmoja huko juu. Kumbe bado ya nne, nayo ni ya polepole, yenye huzuni tupu. Tchaikovsky aliiongoza mwenyewe kwa mara ya kwanza huko St. Petersburg mwaka 1893, na siku tisa baadaye akafariki.

Basi dawa ni kumwangalia kondakta, anayeiongoza okestra kwa mikono (si yule wa daladala). Mikono ikiwa juu, tulia. Ukumbi wa muziki wa Philharmonie, Berlin, una viti nyuma ya okestra, vya bei nafuu, ambako unatazamana naye uso kwa uso. Mimi hukimbilia huko.

Nilikuwa hapo nilipoisikia tena Simfoni ya Sita. Mabesi yakafifia yakanyamaza, mikono ya kondakta ikabaki hewani. Mdomoni nilikuwa na pipi ya kikohozi, niliyoimenya mapema kwa sababu kwenye ukimya ule karatasi ya pipi hulia kama bati. Ikayeyuka yote kabla hajashusha mikono.